Tundu la Mbele na Tundu la Nyuma: Diski ya Nje Kwenye Kompyuta Niliyoiunga Mwenyewe

Desemba ni mwezi wa harusi, na kwa sisi tunaoishi kwa kupiga na kuhariri video ni mwezi ambao kazi ya wiki nzima hulazimika kukamilika ndani ya siku tatu. Usiku mmoja wa Desemba 2023 nilikuwa nikihamisha mafaili ya kicheni pati, sendi-ofu na harusi ya binti mmoja wa Mbagala, jumla gigabaiti 214, kutoka kwenye kompyuta yangu ya mezani kwenda kwenye diski ya nje ya terabaiti 2 ambayo ndiyo ghala langu la kazi zilizokamilika. Diski nilikuwa nimeichomeka kwenye tundu la USB la mbele ya kasha, upande wa kushoto, kwa sababu ndilo lililo karibu na mkono. Kasi ilikuwa megabaiti 34 kwa sekunde na haikupanda. Baada ya kama dakika ishirini nikasikia ule mlio wa Windows unaoashiria kwamba kifaa kimechomolewa, ilhali hakuna aliyekigusa. Kutoka ndani ya diski kikatoka kijisauti cha tik, tik, pakawa kimya, kisha sahani zake zikaanza kuzunguka upya kama vile ndiyo kwanza imechomekwa.

Nilirudia mara mbili, na mara zote mbili ikakatika. Mara ya tatu Windows ikaniuliza kama nataka kuifomati diski kabla ya kuitumia. Nilitoa mkono kwenye kipanya kabisa, nikakaa nikiitazama ile sentensi. Ndani ya diski ile mna kazi za miaka mitatu, na baadhi ya watu wanaocheka na kutunza katika video zile wameshatangulia mbele ya haki. Familia moja ilinirudia mwaka mmoja baada ya harusi kuomba dakika chache tu ambamo baba yao anazungumza na maharusi, kwa kuwa hawakuwa na sauti yake mahali pengine popote. Kwa hiyo ninapoandika juu ya matundu ya USB siandiki juu ya jambo dogo, angalau si kwangu.

Asubuhi nilimtumia fundi mmoja ninayemheshimu rekodi ya ule mlio kwa WhatsApp. Jibu lake lilikuja haraka: «Dada, hiyo diski imeshachoka. Ukiweza kutoa data toa, halafu tafuta nyingine.» Simlaumu, kwa sababu mlio wa tik kutoka kwenye diski inayozunguka mara nyingi humaanisha kweli kwamba kichwa chake cha kusomea kina matatizo. Lakini kabla ya kukubali niliazima kompyuta mpakato ya mdogo wangu, nikaichomeka diski ile ile kwa kebo ile ile, na ikafunguka mara moja. Nilinakili folda moja ya majaribio na kasi ikasimama kwenye megabaiti 112 kwa sekunde. Nikainakili folda hiyo upya, nikiisikiliza diski kwa sikio karibu kabisa, na haikutoa mlio wowote. Diski ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye kompyuta niliyoiunga kwa mikono yangu.

Hapa ndipo kompyuta ya kuunga inapotofautiana na kompyuta mpakato au ile ya mezani inayonunuliwa ikiwa imeshafungwa kiwandani. Katika hizo, mtengenezaji ameshaamua kila tundu linaunganishwa wapi, na ameshalipima. Unapokusanya vipuri mwenyewe, kasha kutoka duka hili la Kariakoo, ubao mama (motherboard, bodi kuu ya kompyuta) kutoka duka lile na pawa saplai kutoka kwa mtu aliyekuwa akiuza yake, hakuna aliyewahi kuvipima vikiwa pamoja. Matundu ya nyuma yamelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mama, kwa hiyo yako kama kiwanda kilivyoyaacha. Matundu ya mbele ni mali ya kasha. Kutoka kwenye matundu hayo inashuka kebo nene, katika kasha langu yenye urefu wa zaidi ya nusu mita, ambayo inapita nyuma ya bamba la ubao mama na kuishia kwenye plagi ambayo wewe mwenyewe, siku ya kuunga, ndiye unayeisukuma mahali pake. Tundu la mbele ni zima kwa kiasi ambacho kebo hiyo, plagi hiyo na mkono ulioisukuma vilikuwa vizima.

Plagi ya USB 3 ya ndani ina pini 19, zilizopangwa safu mbili ndani ya kisanduku cha plastiki, safu moja ya pini kumi na nyingine ya tisa, na lile pengo la pini iliyokosekana ndilo linalozuia mtu asiichomeke kinyume. Plagi moja kama hiyo inalisha matundu mawili ya mbele. Kila tundu lina pini zake za umeme wa volti 5, pini za mawasiliano ya zamani ya USB 2.0, na jozi mbili za ziada ambazo ndizo zinazobeba kasi kubwa. Jambo la msingi ni kwamba ikiwa hizo jozi za ziada zina hitilafu, kifaa hakigomi. Kinarudi tu kwenye njia ya zamani ya USB 2.0 na kuendelea kufanya kazi polepole, bila kukwambia kwa sauti. Tundu linabaki na rangi yake ya buluu, ambayo kwa kawaida ni alama ya USB 3, na wewe unaendelea kuamini kwamba unatumia USB 3.

Nilizima kompyuta, nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia mara kadhaa ili umeme uliobaki uishe, kisha nikafungua kasha na kumulika kwa tochi ya simu. Plagi ile ni ngumu na haina kifyatulio cha kuilegeza, kwa hiyo unapaswa kuivuta ikiwa imenyooka wima huku mkono mwingine umeushika ubao mama usiinuke, maana watu wameshang'oa kisanduku chote cha plastiki kwa kuivuta kwa pembeni. Ilipotoka nikaliona tatizo. Pini ya kwanza, ile ya pembeni kabisa inayobeba volti 5 za tundu moja, ilikuwa imeegemea upande kama mti uliosukumwa na upepo, na ya pili, ambayo ni ya mawasiliano ya kasi, ilikuwa imelala kabisa chini. Nilikumbuka siku niliyoiunga, miaka miwili nyuma, jinsi plagi ile ilivyokaza na mimi nikaongeza nguvu ya kidole gumba badala ya kuitoa na kuitazama. Pini iliyolala ilieleza kasi ya megabaiti 34. Pini iliyoegemea ilieleza kukatika, kwa kuwa ilikuwa inagusa kwa ukingo tu, na kila diski ilipohitaji umeme zaidi volti zilishuka, sahani zikapunguza mwendo, na vichwa vikarudi mahali pake pa kupumzikia. Huo ndio uliokuwa mlio wa tik.

Kunyoosha pini kulinichukua karibu saa nzima. Nilitumia kalamu ya risasi ya kubofya ambayo nimeitoa risasi yote, kwa kuwa mdomo wake mtupu unaingia juu ya pini kama mfuniko na kukuwezesha kuiinua kidogo kidogo bila kuikunja katikati. Ile iliyolala niliianza kwa ncha ya sindano ili ipate nafasi ya kuinuka. Pini hizi huvumilia kunyooshwa mara moja, pengine mbili, na baada ya hapo hukatika, kwa hiyo mtu asiwe na haraka. Nilipoirudisha plagi, safari hii nikiisikiliza kwa vidole, iliingia bila mabavu. Nikawasha kompyuta, nikachomeka flashi ya kasi kwanza na wala si ile diski, kwa sababu siwezi kupima tundu lililotoka kutengenezwa kwa kitu chenye kazi za watu.

Tangu siku hiyo napima kila tundu la kila kompyuta ninayoiunga, na ninapendekeza kila mwenye kompyuta ya kuunga afanye hivyo siku ya kwanza kabisa, kabla hajaanza kuweka kazi. Anayetumia Linux aandike amri ya lsusb -t kwenye tamino (dirisha la kuandikia amri), na atakuta pembeni ya kila kifaa imeandikwa kasi yake, kwa mfano 480M ya USB 2.0 au 5000M ya USB 3; ikiwa diski ya USB 3 inaonyesha 480M, basi ama tundu hilo ni la USB 2.0, ama tundu, kebo au plagi ya ndani ina kasoro. Kwenye Windows njia ya kawaida ni kunakili faili moja kubwa, la gigabaiti tano au kumi, na kuitazama kasi ikishatulia, kwa maana sekunde za mwanzo hudanganya kwa sababu ya kumbukumbu ya muda. Diski ndogo inayozunguka, ile ya inchi 2.5, inapaswa kufikia megabaiti 100 hadi 140 kwa sekunde. Ukiona kasi imekwama chini ya 40, yaelekea unatumia USB 2.0, tundu liwe na rangi yoyote. Kwa kazi yangu tofauti hiyo ni kubwa: gigabaiti 200 kupitia USB 2.0 huchukua zaidi ya saa moja na nusu, na kupitia USB 3 huchukua karibu nusu saa.

Majina ya viwango hivi yamewachanganya watu wengi, na nadhani wanaoyapanga wametutendea visivyo sisi wanunuzi. USB 3.0 ilitoka mwaka 2008 ikiwa na gigabiti 5 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja, kwa hiyo gigabiti si gigabaiti). Mwaka 2013 ilipokuja ya gigabiti 10, ile ya awali ikabatizwa USB 3.1 Gen 1 na mpya ikaitwa USB 3.1 Gen 2. Mwaka 2017 zikabadilishwa tena kuwa USB 3.2 Gen 1 na Gen 2, na ikaongezwa ya gigabiti 20 inayoitwa Gen 2x2. Matokeo yake ni kwamba boksi lililoandikwa USB 3.2 linaweza kuwa na tundu la mwaka 2008 ndani yake. Muuzaji akikutajia jina, muulize ni gigabiti ngapi, na usome karatasi ya ubao mama wenyewe. Kwa diski inayozunguka gigabiti 5 zinatosha na kubaki, kwa kuwa diski yenyewe ndiyo inayochelewa. Ukiwa na SSD ya nje, yaani diski isiyo na sahani zinazozunguka, ndipo tundu la gigabiti 10 linapoanza kuwa na maana.

Suala la umeme halizungumzwi vya kutosha. Kiwango rasmi cha USB 2.0 ni miliampea 500 kwa tundu, na cha USB 3.0 ni miliampea 900. Diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka kutoka kusimama inavuta zaidi ya inavyovuta ikiwa imeshakolea, na kwa muda huo mfupi inaweza kukaribia ampea nzima. Ukiichomeka kwenye tundu linalopata umeme kupitia kebo ndefu na nyembamba, kisha ukaongeza habu (kifaa cha kugawa tundu moja kuwa mengi) isiyo na adapta yake, kisha ukaongeza kebo ya kurefushia ili diski ikae juu ya meza, volti 5 zilizotoka kwenye ubao mama hufika zikiwa zimepungua. Kwa hiyo kanuni ninayoishika ni kwamba diski inayozunguka inachomekwa nyuma, moja kwa moja, kwa kebo fupi iliyokuja nayo. Tundu la mbele linafaa kwa flashi, kwa kisoma kadi za kamera na kwa simu. Kuinama nyuma ya kasha kunachosha, nakubali, ndiyo maana niliinunua kebo moja fupi nzuri, nikaichomeka nyuma, nikaiacha ikining'inia kando ya meza daima, na sasa sihitaji kuinama.

Diski kubwa za inchi 3.5 ni habari nyingine, kwa kuwa zinahitaji volti 12 ambazo tundu la kawaida la USB halitoi, na hivyo huja na adapta yake ya ukutani. Mimi ninayo moja ya terabaiti 8 ya nakala za akiba. Kwa muda mrefu kompyuta yangu ilikuwa kwenye UPS, kile kifaa cha betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika, huku adapta ya diski hiyo ikiwa kwenye soketi ya kawaida, kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi. Umeme ulipokatika, kompyuta iliendelea kuwaka, nami nikawa na amani, kumbe diski ilikuwa imezimika katikati ya kuandika. Diski ile ilikuwa imefomatiwa kwa exFAT, mfumo usioweka kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea kama unavyofanya NTFS, na hivyo folda mbili zilipotea. Kwa bahati njema mafaili hayo yalikuwa bado kwenye kompyuta. Hakikisheni adapta ya diski inakaa kwenye UPS ile ile inayoibeba kompyuta, na kama huhitaji kuandika kwenye diski hiyo kwa Mac wala kuisoma kwa televisheni, basi kwa mtumiaji wa Windows NTFS ndiyo salama zaidi mahali ambapo umeme unakatika.

Niseme pia juu ya ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, maana katika nyumba nyingi nilizofanyia kazi, soketi zina tundu la ethi ambalo nyuma yake hamna waya. Kasha la chuma lisilo na ethi huwa na umeme mdogo unaotambaa kutoka kwenye pawa saplai, ule unaouhisi kama mwasho ukigusa skrubu za nyuma ukiwa pekupeku. Ukichomeka diski ambayo tayari inapata umeme kwa adapta kutoka soketi nyingine, cheche ndogo inaweza kuruka pale plagi ya USB inapogusa. Mimi niliiona kwa macho yangu mara moja, ya buluu, ndogo kama kichwa cha sindano. Siku hizi nachomeka USB kwanza na adapta baadaye, na nimemwita fundi umeme akanifungia ethi ya kweli, kazi ambayo gharama yake ilikuwa ndogo kuliko bei ya diski moja.

Kuna usumbufu mmoja ambao ulinipotezea siku mbili kabla sijaelewa. Kila nilipokuwa nikinakili kwenda kwenye diski ya nje, kipanya changu kisichotumia waya kilianza kurukaruka na kukwama. Chanzo chake kinajulikana: mawasiliano ya USB 3 hutoa kelele ya mawimbi inayoangukia kwenye gigahezi 2.4, masafa yale yale yanayotumiwa na vipanya vya aina hiyo, na Intel walichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Kipokezi cha kipanya changu kilikuwa kimekaa tundu la jirani na diski, nyuma ya kasha. Nilikihamishia mbele, kwenye tundu la USB 2.0, na tatizo likaisha siku hiyo hiyo.

Kwa wanaopanga kununua kasha jipya, angalieni kama tundu la Type-C la mbele lina mahali pa kuchomekwa kwenye ubao mama wenu, kwa sababu linatumia plagi ya ndani ya umbo tofauti na ile ya pini 19, na bodi nyingi za bei nafuu hazina. Nimeona zaidi ya kompyuta moja ambayo tundu hilo ni pambo tu. Wenye kasha za zamani zenye tundu la eSATA, tundu la diski za nje lisilo la USB, wanaweza kulitumia, ila lenyewe halibebi umeme, na diski haitaonekana ikichomekwa wakati kompyuta inawaka kama BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) haijawekwa kwenye AHCI, hali inayoruhusu diski kuchomekwa kompyuta ikiwa inawaka. Na kama matundu ya nyuma hayatoshi, kadi ya USB 3 ya kuchomeka kwenye ubao mama inasaidia sana, mradi uchague ile yenye sehemu ya kupokea umeme kutoka kwenye pawa saplai, na ukumbuke kwamba matundu yote manne ya kadi ya aina hiyo kwa kawaida yanagawana njia moja ya data.

Kuhusu kuchomoa, Windows 10 tangu toleo la mwishoni mwa 2018 haihifadhi tena maandishi ya diski za nje kwenye kumbukumbu ya muda kama zamani, na wapo wanaosema kwamba sasa mtu anaweza kuchomoa tu. Mimi bado nabofya kuondoa kwa usalama, nasubiri, kisha naiweka diski mkononi nikiisikilizia mpaka mtetemo wake uishe ndipo naiingiza kwenye mkoba. Sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika hazipendi kugeuzwa.

Mafaili ya yule binti wa Mbagala niliyanakili upya usiku uliofuata kupitia tundu la nyuma, na yaliisha kabla ya saa sita. Nimebandika vipande vya karatasi ya gundi juu ya kila tundu, vikiwa na namba ya kasi niliyoipima mwenyewe kwa kalamu. Tundu la mbele la kushoto sasa linaonyesha 5000M kama mwenzake, lakini pini yake imeshanyooshwa mara moja, kwa hiyo juu yake nimeandika «flashi tu».